Kereng'ende Mwekundu wa Mateus

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Somoe Bakari Nangonga
Umri: Miaka 46
Kabila: Mmakonde
Dini: Muislamu
Kazi: Mkulima wa mpunga na mihogo
Makazi: Kijiji cha ujamaa, jirani na Mahurunga

Nimeonywa niseme kweli, nami sikuja hapa kwa lingine.

Mimi ni mjane. Mateus Lourenco, aliyeko mahabusu hapa kituo cha polisi, ni mpangaji wangu. Alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu, ndiyo maana namwita shemeji. Alizaliwa ng'ambo ya mto Ruvuma, kwa Wareno, lakini amekaa huku tangu kabla ya vita. Kazi yake ni kuchora wadudu. Wataalamu wa utafiti wa kilimo wa Naliendele aliwachorea wadudu wa mikorosho. Kereng'ende aliwachora kwa mapenzi yake tu. Anayo picha ya kereng'ende iliyochapwa enzi za Wajerumani, kahawia tupu. Huniambia, "Shemeji, Mjerumani huyu alichora maiti. Kereng'ende akifa, rangi nayo inakwenda." Kwa hiyo yeye huwachora wakiwa hai, palepale mtoni, kabla jua halijawa kali.

Mnamo tarehe 6 Machi 1973, saa mbili asubuhi, nikiwa shambani kwangu kando ya Ruvuma, nilimwona Mateus akichora kereng'ende mwekundu aliyemfunga uzi. Walikuja mgambo watatu. Kiongozi wao, Salumu Likapa, aliichukua karatasi akasema, "Hii ramani. Mishipa hii vijito vyetu, wekundu huu barabara. Unawachorea Wareno." Mateus akasema, "Bwana, hilo bawa. Mwenyewe si huyu hapa? Mtazame." Salumu akamkanyaga yule kereng'ende. Nilipiga kelele, nikaambiwa, "Mama, nyamaza, haya hayakuhusu." Wakaondoka na Mateus amefungwa mikono.

Jana nilisikia kwamba lori la kuwapeleka watuhumiwa Dar es Salaam linaondoka leo jioni. Leo alfajiri nilikwenda mtoni, nikamkamata kereng'ende mwekundu wa aina ileile, ili polisi wamlinganishe na mchoro. Hapo nikachanganyikiwa. Nikimuua, rangi itapotea. Nikimwacha hai, atajipigiza mpaka avunjike. Niliona bora awe hai. Nilimtia kwenye kikapu kidogo, nikafunika kwa kanga, nikapanda lori la mihogo.

Nilifika hapa saa nne. Niliambiwa nikae kwenye benchi, nikakaa. Nilikuwa namsikia akijipiga kikapuni. Kila askari aliyepita nilimwambia, "Mwanangu, huyu hangoji." Walicheka. Ilipofika saa saba akanyamaza. Nililia mbele za watu, wala sikuona haya.

Nimeitwa saa tisa. Nilipofunua kanga, mabawa yalikuwa yamechanika na mwili umekuwa kahawia, sawasawa na ile picha ya Mjerumani. Sajini aliniuliza, "Ndiye huyu?" Nikasema ndiye. Nimemwomba twende naye mtoni kesho asubuhi akawaone walio hai, wako wengi. Amesema kesho Mateus hatakuwa hapa. Hivi ninavyosema, nasikia lori linawashwa uani.

Haya ndiyo maelezo yangu. Nimesomewa, ndivyo nilivyosema. Sina la kuongeza, na mdudu mwingine sina.

Dole gumba la shahidi: Somoe Bakari Nangonga

Maelezo ya afisa: Yameandikwa nami, Sajini Mathayo, saa kumi alasiri. Nimepokea kielelezo: mdudu mmoja, amekufa, rangi ya kahawia, mabawa si kamili. Nimemlinganisha na mchoro. Hafanani.