Kwa Shangazi, Fundi Chokaa Aliyesimama Mlangoni

Leo unatimia mwaka mzima, Shangazi, tangu walipokupiga mtaimbo kichwani ukaanguka kwenye kizingiti chako mwenyewe.

Familia imenipa mimi heshima ya kuandika tangazo hili la kumbukumbu, kwa kuwa ndimi niliyesomeshwa shule ya bweni. Nimeagizwa niwe na adabu. Nitajitahidi.

Ulikuwa mpole kwa watu na katili kwa saruji. Nyumba saba za mtaa wetu, zenye umri unaomzidi yeyote anayeishi humo, ulizitibu kwa chokaa uliyoiloweka pipani miezi mitatu, wala hukukubali kuharakishwa. Baba, kaka yako, alipoziba ufa wa jikoni kwa saruji ili akufurahishe, uliibandua yote kwa patasi huku yeye yuko mezani anakula.

"Umeuziba ukuta pua, kaka. Wewe ukizibwa pua utakaa siku ngapi?"

Alimaliza chakula chake na vumbi lake.

Paa la bibi kizee wa nyumba ya mwisho lilipovuja, ulilipanda mvua ikinyesha, ukashuka umelowa chapachapa unazitukana mbingu.

Nyekundu yako ilijulikana mji mzima: udongo uliousaga mwenyewe na kuuchanganya na chokaa. Hakuna fundi aliyeweza kuiiga. Hilo ningelikumbuka mapema, leo ungekuwepo.

Mkandarasi alizitaka nyumba zote saba azibomoe, ajenge ghorofa. Akatuma watu wachore alama ya X kwenye milango. Ukazisugua. Wakachora tena. Mimi, niliyekuwa likizo na sina la kufanya, nikachota nyekundu yako kwenye ndoo nikachora X kubwa kwenye mlango wa gari lake jeupe. Sikumwambia mtu. Chokaa ilikula rangi ya gari hadi kwenye bati, nami nikajiona shujaa.

Kesho yake asubuhi alikuja na wanaume wanne wenye nyundo na mitaimbo.

"Mama, rangi hii naijua. Nani kaharibu gari langu?"

Nilikuwa nyuma yako. Nilifungua mdomo niseme. Ulinikanyaga vidole kwa kisigino hadi nikaona nyota.

"Mimi," ulisema. "Na nyingine imebaki. Lete na la mkeo."

"Toka mlangoni."

"Toka wewe. Mimi nimezaliwa chumba hicho cha pili."

Aliyeutandika ukuta kwanza ulimvunja mkono kwa nyundo yako, tulisikia mfupa. Wa pili ulimng'oa meno mawili. Wa tatu alikujia kutoka ubavuni, akakupiga mtaimbo kichwani. Mlio ule nausikia hadi darasani, katikati ya hesabu. Damu yako ilirukia ukuta na shati langu. Majirani wakatoka na majembe, viti na miiko. Bibi kizee alimng'ata mtu sikio na hakuliachia haraka. Wavamizi walikimbia wakiburuzana. Siku ya tatu ukatutoka.

Nyumba saba bado zimesimama, kwa zuio la mahakama. Lakini mkandarasi anadai hakuja kubomoa. Eti alikuja kumwona fundi mkorofi aliyemchokoza kwanza. Hakimu akimwamini, zuio litaondolewa, nyumba zitaangushwa, na wewe utabaki kwenye karatasi zao kama mhalifu.

Mwaka mzima nimenyamaza kama ulivyotaka. Safari hii sitakutii, Shangazi. Jumatatu nitasimama mbele ya hakimu niseme kwamba X ile niliichora mimi, na kwamba hukumgusa mtu mpaka alipougusa ukuta wako.

Jana nilimwambia Baba. Alinipiga kofi ambalo wewe ungelisifu. Kisha akakaa sakafuni, akalia kwa sauti mbele ya Mama. Alipotulia alisoma rasimu ya tangazo hili mara mbili. Sikumwona akifuta neno. Aliniuliza tu kama nina shati safi la Jumatatu.

Unakumbukwa na kaka yako. Wifi yako, anayekulilia hata kuliko sisi wa damu. Bibi kizee na majirani wote wa nyumba saba. Na mimi, mtoto wa kaka yako.

Hutatutoka moyoni kamwe.