Sura Yako Kwenye Pakiti za Inzi wa Samoni

Xiaobei, Guangzhou,
Jumapili, 18 Mei 2025

Mpendwa Mama mdogo Muzdalifa,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii inakukuta umeamka salama, wewe na wenzako wote wa karakana hapo Kariokor. Macho yanaendeleaje? Swalha aliniambia umepata miwani mpya lakini huivai kwa sababu inakubana puani. Ivae, tafadhali. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila mvua za huku hii ni wiki ya tatu hazijakoma na kuta za chumba zinatoka jasho. Viatu vyangu vimeota ukungu chini ya kitanda.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kwa kalamu wakati simu ipo. Mara tatu nimekupigia, nikakata kabla hujapokea. Jambo lenyewe si la kusemea kwenye simu, nawe umekaa katikati ya watu. Barua anakuletea Nelly mkononi, yule mwanafunzi Mkenya anayesomea udaktari huku. Anakuja likizo kwao. Atakupa na kisanduku. Soma kwanza, ndipo ukifungue.

Unawakumbuka wale inzi wa bandia wa kuvulia samoni, wa manyoya na uzi juu ya ndoana, arobaini na nane, ulionitumia mwaka jana kabla ya maonyesho ya biashara ya mwezi wa kumi. Siku zile nilikuwa nimezama kwenye biashara yangu ya mikoba, nikampa Abass awaonyeshe wanunuzi. Abass ni dalali, mtu wetu wa Tanga, tumekula naye sahani moja miaka minne. Akaniomba na picha yako, ile niliyokupiga Idi umeinama kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania ndoana, uzi umeubana mdomoni. Alisema wanunuzi hupenda kumwona aliyefunga inzi kwa mikono yake. Nikampa.

Baada ya maonyesho alinambia kuna Mskoti mwenye duka la zana za uvuvi aliyewapenda sana. Kisha ikawa kila nikimuuliza jibu ni moja: “Bado anafikiri, Hafidha. Usimharakishe.” Nami nikawa nakwambia hivyo hivyo, na wewe ukawaambia wenzako wasubiri. Miezi saba mmesubiri.

Jumatatu iliyopita nilikuwa Tianxiu Dasha, lile jengo la wafanyabiashara, kwa Nassor, anayetusafirishia mizigo. Akanisukumia katoni moja iliyopasuka kona.

“Hafidha, huyu si mama yako mdogo?”

Ni wewe. Katoni nzima ni wewe, pakiti juu ya pakiti, sura ndogo kama stempu. Chini yake yameandikwa maneno ya Kiingereza, kwamba inzi hawa wamefungwa kwa mkono na Mama Muzdalifa na wenzake, Nairobi. Na anwani iliyobandikwa kwenye katoni ilikuwa ya Shiling, hapa hapa Guangzhou, kunakoshonwa mikoba.

Nikafungua pakiti moja. Kilichonifikia kwanza ni harufu, kama kuku aliyesahauliwa ndani ya mfuko. Wewe ulinifundisha nikiwa na miaka kumi na minne, likizo zile nilizokaa kwako. Ulisema samoni akishaingia mtoni hali tena, kwa hiyo humvuti kwa njaa, unamchokoza mpaka akasirike. Maji yakichafuka, mchagulie inzi mkubwa, wa manjano na chungwa. Yakitakata, mchagulie mdogo mweusi, mwenye uzi wa fedha kidogo tu tumboni. Na unyoya lazima upumue majini. Wale niliowashika walikuwa manyoya ya bata yaliyotumbukizwa kwenye rangi, yamelala kama nywele za mtu aliyetoka kwenye homa. Kichwa ni donge la gundi. Nilikwangua kwa ukucha, inzi mzima akafumuka mkononi mwangu.

Kesho yake nilikodi gari kwenda Shiling na Nelly, maana Kichina changu kinaishia kwenye kupatana bei. Karakana yenyewe haina hata bango. Ni chumba kimoja nyuma ya ghala la ngozi. Magunia ya manyoya yamerundikwa mabichi, jinsi yalivyotoka machinjioni, hayajaoshwa wala kuanikwa. Gunia la karibu na mlango lilikuwa linacheza. Nilidhani ni panya. Walikuwa funza. Mama mdogo, nilitapika pale pale kizingitini, mbele ya watu wazima.

Wale wanawake wanaofunga sikuwachukia. Vidole vyao ni vyepesi kama vyenu, ila wamepewa uchafu ndio waufunge. Mmoja alinipa kiti na tishu. Nilipoketi ndipo nikaona ubao mezani kwake, na juu ya ubao inzi wako, wale wenyewe, wamepasuliwa kwa wembe kuanzia mkiani ili waonekane uzi gani umetangulia na unyoya gani umefuata. Yule mwekundu mwenye bawa la tausi, uliyesema alikuchukua asubuhi nzima, alikuwa amebaki ndoana tupu. Hapo ndipo nilipolia. Kutapika hakukuniliza.

Mwenye karakana ni mama wa makamo, wanamwita Bi Liang. Nilimuuliza kupitia kwa Nelly nani alimpa ruhusa.

“Abass alisema ni shangazi yake,” akajibu. “Alisema mwenyewe amekubali.”

Nikamwonyesha kwenye simu picha zetu, mimi na wewe siku ya harusi yangu. Alizitazama moja moja. Nikaomba bilauri ya maji, nikamtosa ndani inzi wake mmoja. Rangi ikatoka kama maji ya kuoshea nyama, na bawa likapanda juu peke yake.

Bi Liang akauliza kama wateja watawarudisha.

“Watawarudisha,” Nelly akamwambia, kisha akanitafsiria alichosema. “Lakini watakayemtukana ni huyu mama wa kwenye picha. Wewe hawakujui.”

Bi Liang akainuka, akampigia Abass simu aje. Kisha akaniletea mwenyewe mfuko wa kadi za kuwekea kwenye pakiti, zote zilizobaki zenye sura yako, na kibati chenye inzi wako kumi na mmoja ambao hawakuguswa na wembe. Sijui kama alikuwa hajui kweli, au alijua nusu. Lakini alivitoa bila kushurutishwa.

Abass alifika anatabasamu. Nakusimulia alivyosema, neno kwa neno.

“Dada Hafidha, jambo dogo hili usilikuze. Samaki hajui kusoma.”

“Anayevua anajua.”

“Wale akina mama wangemchelewesha mteja mwaka mzima. Mimi nimewatangaza Ulaya bure, hata asante sipati?” Akasogea karibu, akashusha sauti. “Ingia na wewe. Jina la familia ni lako pia.”

Nilikitazama kinywa kile, kilichokula wali wangu kila Ijumaa, nikaona funza wale wale. Nikamwambia asinikaribie. Nassor sasa amekataa mizigo yake, na Tianxiu Dasha watu wanampita bila salamu. Lakini juzi nilisikia bado anawahi safu ya mbele msikitini, kanzu imepigwa pasi.

Kadi zile nilianza kuzikata kwa mkasi. Kila nikikata nakata uso wako, nikashindwa. Nikazilowesha kwenye ndoo mpaka zikawa uji, nikazimwaga.

Nikamwandikia yule Mskoti, nikamweleza yote, na kwamba picha niliitoa mimi. Alijibu baada ya siku mbili. Shehena ya kwanza ilimfikia tangu mwezi wa tatu. Anasema wavuvi walimrudishia inzi waliofumuka kwenye kutupwa mara ya kwanza, na mzee mmoja alipoteza samaki aliyekuwa akimngoja misimu miwili. Jina lako, Mama mdogo, wavuvi wa mto ule wamelifanya neno la kuitia kitu kibovu. Mto hujauona, na tayari wanakutukana huko.

Pakiti zote ameziondoa dukani. Wale wa mfano alibaki nao watatu kutoka maonyesho; mmoja alimtumia kuvulia mwenyewe na anasema hajawahi kushika inzi bora. Anataka kununua kwenu moja kwa moja, msimu ujao wote. Ila anaomba wauzwe bila jina lako wala Nairobi, mpaka watu wasahau.

Nimesoma mstari huo mara nyingi nao unanichafua moyo. Nyinyi mfunge, na mjifiche kama ndio mliokosa. Lakini najua pia kuna wanawake sita kwenye meza zile, na nyumba zao. Ushauri sikupi. Nilishakusemea mara moja, unaona nilikokufikisha. Anwani yake nimeiweka kisandukuni pamoja na inzi wako kumi na mmoja. Mjibu wewe, kwa jina lako, lolote utakaloamua.

Habari nyingine, kijana wetu Sufian amepata udhamini wa kuendelea na shahada ya pili hapa hapa, na anapika mwenyewe siku hizi. Mwambie Baba Burhani, atafurahi.

Nisalimie Swalha, Baba Burhani, na Bi Maulida na wenzake wote wa karakana. Wao uwasomee barua hii nzima. Usiruke mahali nilipokosea.

Mwenyezi Mungu ayatunze macho yako na vidole vyako, na akurudishie heshima uliyonyang'anywa kwa mkono wangu. Najua utataka kuniambia yamekwisha. Usiniambie upesi, Mama mdogo. Kwanza kasirika.

Ni mimi mwanao, nikupendaye na kukuonea haya,

Hafidha