Hapana ya Kwanza

2 Februari

Baba,

Shikamoo. Goti linasemaje? Sisi wazima, ila mjukuu wako Kijiko ananitia wasiwasi. Tangu nimtoe kwako nimlete huku kwangu, mwalimu analalamika mtoto haeleweki. Akiulizwa kama ana njaa, hapana, macho sakafuni. Wenzake wanakula, yeye anatazama kucha. Huku mtu huulizwa mara moja tu, Baba. Nikimweleza, anasema Babu hakumfundisha hivyo. Mwandikie wewe.

Binti yako

20 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Goti limegoma, lakini baiskeli wanazoniletea watu nizitengeneze bado naziharibu kwa ustadi uleule. Kijiko hana ugonjwa, ana adabu. Hapa kwangu hapana ya kwanza ni ya heshima, ya pili ya aibu, ya tatu ndipo tumbo linasema. Mtoto anayedaka swali la kwanza ni kama kuku aliyesikia mtama. Mimi niliishia darasa la nne na najua kuuliza mara tatu. Huyo mwalimu wenu alisomea nini? Nitamwandikia Kijiko nikipata nafasi. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Huyu kafunzwa na babuye, basi ulimwengu usubiri zamu yake.

Baba yako mkorofi

9 Machi

Baba,

Shikamoo. Andika leo. Juzi Kijiko alijikunja darasani. Mwalimu akamuuliza kama anaumwa, akasema hapana, somo likaendelea. Jioni nikamkuta anachemka. Nikauliza, hapana. Nikauliza tena, hapana. Mara ya tatu akasema, "Tangu asubuhi, Mama." Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Wamempasua, lakini homa haishuki, na daktari naye anauliza mara moja.

Binti yako

17 Machi

Kijiko changu,

Babu hasalimii leo, ana haraka. Daktari akikuuliza, sema ndiyo, inauma. Sema palepale, umkazie macho kama mbuzi aliyefumaniwa shambani. Piga kelele. Wakisema huna adabu, waambie Babu kakutuma.

Binti yangu, msomee. Na wewe, hali yako?

Babu

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua yako ilitukuta tumetoka makaburini. Nilimsomea hivyo hivyo, nimekaa kitandani kwake, shuka sijazifua. Mwalimu alikuja, akalia. Akaniambia, "Lakini nilimuuliza." Nikamjibu, "Kweli, ulimuuliza."

Unataka kujua hali yangu. Mimi sijambo, Baba.

Niulize tena.

Binti yako