Siku Jeneroza Alipolia

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Habari za huko Singida? Goti limepoa, au bado linakusumbua kila mawingu yakikusanyika? Na Dani wangu, anakula vizuri? Mimi mzima. Nimekonda kidogo kwa kupanda vilima vya Mwese, lakini usianze kuhuzunika, maharage ya huku yatanirudisha. Nimeamua kuandika kwa sababu mtandao huku ni wa kuufuata kilimani, na haya niliyo nayo hayaenei kwenye simu ya dakika tatu. Mama, leo mtoto kalia darasani kwangu, na mimi nimepiga kigelegele!

Subiri, usidhani nimerukwa na akili.

Katika darasa langu la awali kuna binti wa miaka sita, Jeneroza. Mama yake alifariki kabla mvua hazijaanza. Anaishi na bibi yake, mkulima wa maharage, na bibi alimwambia kwamba mama kasafiri kwenda Mpanda mjini. Kijiji kizima kikalishika neno hilo, na mimi nikalishika. Tangu siku hizo mtoto hakulia wala kuongea darasani. Ukimuuliza kitu anakutazama tu. Watu wakawa wanamsifu, "Huyu mtoto jasiri." Mimi roho ilikuwa inaniuma, maana mtoto asiyelia akianguka, asiyelia akinyang'anywa kiazi chake, huyo ana jambo.

Basi leo asubuhi nikawasimulia hadithi. Unanijua, kwenye hadithi sina haya. Nilipiga magoti, nikajaza mashavu, nikawa kiboko. Ilikuwa hadithi ya mtoto wa kiboko ambaye dimbwi lao lilikauka kiangazi, mama yake akapotelea kwenye tope, naye akazunguka akiimba, "Dimbwi limekauka, mama yuko wapi?" Watoto wakaitikia mpaka darasa la pili, ng'ambo ya ukuta, nao wakaanza kuimba! Nilikuwa nimekusudia mama kiboko asirudi. Lakini nilipofika hapo nikakutana na macho ya Jeneroza, ushujaa ukaniishia. Nikasema mama kiboko akatokea, mdomo umejaa nyasi, wakaishi raha mustarehe.

"Muongo."

Mama, nilidhani ni mtu mwingine. Ilikuwa sauti ya Jeneroza, nzito, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. "Mwalimu muongo. Hakurudi. Walimfukia. Nyie mnasema yuko Mpanda, mimi nilikuwa nyuma ya migomba, niliwaona."

Nilipata aibu mpaka masikioni. Kumbe alijua siku zote, alikuwa anatutunzia uongo wetu. Nikakaa chini sakafuni, nikamwambia, "Ni kweli, Jeneroza. Nimedanganya. Mama kiboko hakurudi. Haya nisaidie, mtoto wake akafanyaje?"

"Akala nyasi!" akadakia Fidelisi, ambaye mawazo yake hayaendi mbali na tumbo.

"Hapana," Jeneroza akasema. "Alilia."

Na hapo hapo akaanza kulia yeye. Kilio kile, Mama! Kilitoka na kwikwi, na makamasi, na "mama, mama." Fidelisi akamsogezea kiazi chake alichokwisha kukimega. Mimi nikamkumbatia, machozi yananitiririka, na kigelegele kikanitoka chenyewe. Mwalimu mkuu akaja mbio, chaki mkononi. "We mwalimu, mtoto analia na wewe unashangilia? Kuna nini humu?"

"Analia, Mkuu!" nikamjibu. "Hatimaye analia!"

Jioni nikampeleka kwa bibi yake. Nilimweleza yote, nikijua naingilia mambo ya nyumbani kwa watu. Bibi akaweka ungo chini. "Mwalimu, nilisema kasafiri kwa sababu huyu akilia, na mie sitasimama tena. Mie nalia kule shambani, peke yangu." Jeneroza akamwendea magotini. Bibi akaanza kumbembeleza kwa Kirundi, "Ihorere, ihorere," yaani nyamaza, kisha akaacha. Wakalia wote wawili kwa raha zao, na mimi nikaachiwa ungo nimalizie kuchambua maharage.

Nilishuka kilima naimba, Mama. Katikati ya njia nikasimama. Nilimkumbuka Dani.

Siku ile naondoka, ulimpeleka kutazama vifaranga vya jirani, mimi nikaingia kwenye gari. Tukamwambia mama kaenda gulioni. Tulifanya kwa huruma, na mimi ndiye niliyekuomba, kwa hiyo simlaumu mtu. Kila nikipiga simu unaniambia kwa furaha kwamba hajalia hata siku moja, na mimi nikawa natamba kwa wenzangu kwamba mwanangu dume. Kumbe ndiyo maana kila nikiomba kuongea naye anaikimbia simu. Na siku ile uliponiambia kwamba kila siku ya gulio anabeba kikapu chake na kwenda kukaa njia panda, nilicheka sana. Leo sicheki.

Mpakate, kisha msomee haya:

Dani, ni mama. Sikwenda gulioni. Nilikudanganya, nisamehe. Niko Mwese, nafundisha watoto, ni mbali, siku mbili kwa basi. Hukufanya kosa lolote. Nitakuja shule zikifungwa, na nikiondoka tena nitakuaga ukiwa unaniona.

Nisalimie kaka yangu mkubwa na wifi, mwambie wifi kitenge alichoniagiza nimekiona dukani na ni kizuri kuliko yeye. Shangazi mwambie azidi kuniombea. Na jirani wa vifaranga, msalimie pia, hana kosa.

Usimsomee siku ya gulio. Chagua siku nyingine, na akilia, Mama, nakuomba usimnyamazishe. Nipigie. Kila jioni nitapanda kilimani penye mtandao nikae na simu mkononi, na kigelegele changu nimeshakiandaa.

Mwanao,
Mama Dani