Ngoma ya Baba Haienei Kwenye Redio Ndogo

Jumapili, saa ya mvua. Kakamega mtu hahitaji kuuliza hali ya hewa. Mchana ukishapita, mawingu yanatoka upande wa msitu na mabati yanaanza kelele. Nimeketi kitandani, chumbani kwangu mtaani Shirere, miguu ndani ya blanketi. Nimerudi tangu jana jioni, lakini masikio bado yako nyumbani kwa Mama.

Kwa wiki kadhaa nimekuwa mtu wa ndoto moja. Kazini, kwenye duka la dawa, mteja ananieleza kikohozi chake nami natikisa kichwa kwa mdundo ambao yeye hausikii.

Baba alikuwa mpiga isukuti. Ngoma hizo haiendi moja peke yake: kuna kubwa ya baba, ya kati ya mama, na ndogo ya mtoto, na hazinogi mpaka zipigwe pamoja. Baba yangu alishika ile kubwa, harusini na matangani, mpaka mwaka jana tulipomzika yeye. Kikundi chake kimebaki kwenye kanda moja ya kaseti, na redio yetu ya zamani ilikufa kabla yake.

Tangu matanga yaishe, nyumba imenyamaza. Watu walijaa, wakala, wakaimba, wakaenda. Ndivyo ilivyo, sina wa kumlaumu. Ila Mama naye amenyamaza pamoja na nyumba. Nikimpigia simu ananijibu maneno mawili matatu, kisha kimya.

Naogopa. Sijamwambia mtu, basi niseme hapa: naogopa Mama atafifia polepole, na mimi niko hapa mjini nauza dawa.

Ndiyo maana nikaamua kumtafutia kitu cha kuchezea ile kanda. Na hapo ndipo usingizi ulipoanza kunipita.

Kuna redio ndogo yenye kila kitu tumboni: kaseti, stesheni, bluetooth, betri, na mkono wa kuibebea. Jirani yangu wa mlango wa pili anayo. Halafu kuna vyombo vya kuunganisha: deki ya kaseti peke yake, amplifaya peke yake, na spika mbili zinazonifika kiunoni. Hivyo ni vya Edwin, mwenzangu kazini. Anaviuza kwa sababu amepata mapacha, na mkewe amesema sebule yao ina nafasi ya mapacha au ya spika, achague.

Kichwa kilisema redio ndogo. Mama hakai sebuleni. Yuko jikoni, yuko kwenye mboga, yuko kwa ng'ombe. Na stima ya kwetu inapotea wingu likikohoa tu. Lakini moyo ulitaka vyombo. Sitadanganya, moyo ulikuwa umeshaanza kuvipanga humu chumbani mwangu, spika huku na spika huku, mimi katikati nimefumba macho. Mtaka yote hukosa yote, nikajionya. Nikaazima vyote, redio ya jirani na vyombo vya Edwin, nikavipeleka vijaribiwe kwa Mama mwenyewe.

Jana tulianza na ile ndogo. Mama aliiweka kwenye meza ya jikoni, kando ya unga. Kanda ikalia. Ngoma ya mtoto ilisikika vizuri, na ya mama pia, na sauti za wanaume. Ya Baba haikuwepo. Palikuwa na kitu kwa mbali, kama mtu anayebisha mlango wa jirani.

"Iko tu sawa," Mama akasema, akaendelea kuchambua kunde. Mama akisema hivyo, ujue hakuna kilichomfikia.

Nikaichukua kanda, nikaenda sebuleni nikahangaika na waya za vyombo vya Edwin. Nikafungua madirisha, kukawa na hewa, nikaongeza sauti.

Baba akaingia.

Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Ile ngoma kubwa ilipita sakafuni, ikapanda kwenye miguu ya kiti, vikombe vikatetemeka kabatini. Nilifumba macho nikamwona ameining'iniza begani, kichwa amekiinamisha, anaisikiliza kuliko anavyoipiga. Nililia. Nilikaa hapo kati ya usingizi na kuamka, mtoto wa miaka sita aliyelala chini ya meza ya harusi, na sikutaka kuondoka.

Kilichonizindua ni kilio ambacho hakikuwa kwenye kanda.

Kwetu isukuti haipigwi bure. Ikilia ghafla kutoka boma la mtu, na hakuna harusi iliyotangazwa, kila mwenye masikio anajua kuna aliyekufa. Mimi, mtoto wa mpiga isukuti, nilikuwa nimesahau. Nilipochungulia dirishani, Senje Rispa, dada yake Baba, alikuwa anavuka shamba la mahindi mbio, leso kiunoni, mikono kichwani, akiomboleza. Nyuma yake majirani. Mmoja alikuwa amebeba kiti kabisa.

Mama akatoka jikoni na majani ya kunde mikononi.

"Mulamwa, unalilia nani?" akamwuliza wifi yake.

Senje akasimama kama aliyegonga ukuta. "Si nakulilia wewe!"

"Mimi? Na niko hapa napika?"

Kisha Mama akacheka. Alicheka akainama, akashika magoti, kunde zikamwagika. Senje akampiga begani, akaanza kulia upya, mara hii machozi ya kweli, huku akinitukana mimi: "Huyu mtoto wako atatumaliza na mashtuko!"

Hakuna aliyerudi kwake. Kile kiti cha matanga kikakaliwa. Mama akateleka chai kwenye sufuria kubwa ambayo haijashuka kwenye rafu tangu mazishi. Wakataka kanda irudishwe mwanzo, na Senje akacheza kwa mabega, akionyesha spika kwa kidole: "Huyo ni ndugu yangu huyo!" Stima ikapotea katikati ya wimbo. Wakangoja hapo hapo sebuleni, wakipiga hadithi, mpaka ikarudi.

Mimi nilikuwa namtazama Mama. Alikuwa anawaangalia mmoja mmoja wale watu waliokimbia kwa ajili yake.

Walipotawanyika nikaanza kufungua waya. Nilikuwa na aibu. Nikamwambia nitamwachia ile ndogo, haitashtua mtu tena.

Akaweka mkono juu ya amplifaya.

"Hiyo ndogo ni ya mtu mmoja," akasema. "Niachie hii. Hii inaitanga watu."

Basi nimeshinda, au nimeshindwa, sijui. Kesho asubuhi, kabla hatujafungua duka, nitamwambia Edwin vyombo vyake vimepata kwao. Chumba changu kitabaki na kimya chake, na leo kimya hiki hakinisumbui.

Senje ameweka sharti moja tu: kabla Mama hajafungulia isukuti, kwanza atoke nje awatangazie watu kwamba yuko hai. Nilidhani ni mzaha. Lakini leo baada ya kanisa Mama amenipigia simu mwenyewe, jambo ambalo hajafanya tangu mwaka jana. Akaniambia nisikate, ningoje. Nikasikia mlango, nikasikia nyayo zake uani, kisha sauti yake kubwa, ile ya kuita mtu ng'ambo ya kijito:

"Niko hai! Kujeni!"