Soda ya Pipa ya Babu Ewald

Göppingen, 9 Agosti 1992

Baba yangu mpendwa,

Nisamehe kwa kuchelewa kukuandikia. Miezi kumi si kuchelewa, ni kususa, najua. Ulisema nikivuka lango la bustani yako ya bia kumfuata mume wangu Torsten huku nisikuandikie, nami nikalishika neno lako, mara ya kwanza maishani kukutii. Goti lako vipi? Kifua je? Sisi tu wazima, na tumeongezeka: tangu Machi una mjukuu wa kike, Anke. Naandika kwa mkono mmoja, wa pili umembeba yeye.

Nina shida, Baba. Mwezi wa Juni mjukuu wako Falk alitimiza miaka sita. Nikataka naye apate nilichokipata mimi: soda ya pipa, ya kimea na tufaha, kwenye bilauri nzito yenye mkono, povu hadi puani, kama nilivyokaa kando yako na wateja wa bia nikajiona mtu mzima. Nikachanganya na maji ya gesi ile sharubati yake ya mwisho niliyoondoka nayo. Watoto sita wakagonganisha bilauri kwa kelele, na hapo ndipo mama yake Lina akaingia kumchukua bintiye.

"Huko kwenu Berlin mnawanywesha watoto bia saa tisa mchana?"

"Si bia, mama Lina. Ni soda. Hebu onja."

"Nionje! Na gari nitaendeshaje?"

Baba, nilicheka. Hapo ndipo nilipoharibu. Tangu siku ile Falk haalikwi popote, na Septemba anaanza shule na watoto walewale. Juzi kaniuliza, "Mama, eti sisi ni walevi?"

Njoo na pipa. Ulifungue siku yake ya kwanza ya shule, mbele yao wote, kama ulivyonifungulia mimi.

Mwanao,
Ilka

Friedrichshagen, Berlin, 17 Agosti 1992

Ilka,

Barua imefika, nami nipo, goti linalia kama bawaba. Umezaa, na mimi napata habari kwa posta kama tangazo la kukatiwa maji! Kafanana na nani? Usiniambie Torsten.

Watu gani hao wasioijua soda ya pipa? Kwani wanakunywa nini huko, maji ya kuchemshia tambi? Lakini nawe ulikosea, mama. Bilauri ile bila pipa mezani, kwa mgeni ni bilauri ya bia, basi. Umesahau mama yako alivyokuwa akifanya? Pipa dogo katikati ya meza, watoto wanageuza bomba wenyewe kwa zamu, naye anapita na sinia lake akiwafuta povu kwa pembe ya aproni. Nani angeuliza wanakunywa nini?

Kiwanda kimeacha kuitengeneza. Siku hizi watu wanataka vya kopo, vyeusi. Limebaki pipa moja chini ya kaunta, nililificha, sijui nilimfichia nani. Lichukue wewe. Rüdiger wa lori atalileta. Mimi siwezi kuja. Nikifunga bustani, nani atampa mteja wangu Manne chakula cha mchana?

Na lile neno langu la langoni, ulilishika mno.

Baba yako

Göppingen, 22 Agosti 1992

Baba,

Pokea salamu za mbiombio, maana Anke anasumbuliwa na ufizi na nyumba nzima haijalala.

Pipa likija bila wewe, halishuki kwenye lori. Mimi sijui kulifungua. Nilijaribu nikiwa na miaka kumi na miwili, na mama alikwangua kimea darini mpaka Krismasi, unakumbuka. Manne ni mzee wa miaka sabini, hawezi kufa kwa kula mkate na soseji siku nne. Falk ana miaka sita na siku hiyo haiji mara mbili.

Lori la Rüdiger lina kiti cha pili. Nimeshamuuliza.

Mwanao,
Ilka

Friedrichshagen, 11 Oktoba 1992

Mwanangu Ilka,

Nilifika salama kutoka kwenu, hata goti halikununa. Nilikuta majani yamefunika meza zote. Nikayafagia, kesho yake yakafunika tena.

Bado nacheka peke yangu nikimkumbuka mama Lina. Bilauri ya kwanza aliishika kwa vidole viwili kama kaokota panya. Ya tatu akaninong'oneza, "Babu, haipo yenye pombe kidogo?" Na Falk juu ya kiti, kashika bomba, kamkabidhi Lina ile koni yake ya peremende ya siku ya kwanza ya shule: "Pangeni mstari! Hii ni ya Babu yangu!" Mimi nikajifanya naangalia povu.

Manne hayupo, amehamia kwa bintiye Potsdam. Bustani naifunga kabisa, mwenye kiwanja anakuja kuchukua funguo tarehe thelathini na moja. Nimeona chumba cha kupanga karibu na stesheni. Ni kidogo, kitanitosha. Kile mlichonionyesha huko kwenu mpeni Anke. Mzee akikaa kwa watoto wake huwa kama kabati barazani, kila apitaye hupita kwa ubavu. Jino limetoka?

Kabla sijafunga, niandikie unataka nikutumie nini cha hapa. Andika vyote, maana sitafungua tena.

Baba yako

Göppingen, 16 Oktoba 1992

Baba yangu,

Barua yako imenikuta na usingizi wa saa tatu, ila hatujambo. Jino limetoka, na limeshamng'ata Torsten.

Hiyo habari ya chumba cha stesheni niliisoma nikikunja nguo, nikakaa palepale juu ya nguo. Huku nako kuna kiwanda cha bia, Baba. Upepo ukileta harufu ya kimea nasimama njiani na kigari cha mtoto, najiona nina miaka saba tena, nasikia changarawe chini ya viatu vya mama, nawe unaniita kutoka kaunta. Mimi nimebakiwa na harufu. Falk simwachii harufu tu, ilhali Babu mwenyewe yupo hai. Kila asubuhi anauliza mlango wa chumba chako umefungwa kwa nini.

Utatubana, ndiyo. Anke naye anatubana na hajatuomba radhi.

Umeniuliza nataka nini. Natia sahihi hapa ili orodha ipate nafasi, na usipunguze hata kimoja.

Mwanao,
Ilka

Koti la baridi, lile la kahawia, si lile lililotoboka unalolipenda.
Miwani, zote mbili.
Dawa za kifua na karatasi ya daktari.
Mto wako, maana wa huku uliuita uji.
Picha ya mama iliyo ukutani nyuma ya kaunta, pamoja na msumari wake.
Wembe, brashi, na kile kioo chenye ufa.
Vyeti vya pensheni.
Soksi nzima tu.
Karatasi ya ofisi ya wakazi inayosema umehama Berlin. Iwe na muhuri. Bila muhuri huku hawakuandikishi.