Mpira wa Filta na Blanketi la Babu

Sayangan, Atok,
Benguet.
Jumapili, 15 Novemba 2009.

Mpendwa Dada Florenda,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi na kabichi. U hali gani? Mgongo umeacha kukuuma? Na yule mbwa wa tajiri wako huko Hong Kong, bado anakula nyama nzuri kuliko sisi? Mimi mzima, nazidi kuwa mzuri wa sura, wanaoteseka ni wasichana wa hapa. Mama ni mzima, ila chakula hakishuki. Baba ni mzima, ila hasemi.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Nyumba yetu unaijua, ukipiga tu simu inawekwa mezani kwa sauti kubwa, hadi jirani anasikiliza. Haya ni ya macho yako kwanza. Mwandiko uvumilie. Shule niliiacha mimi, si yenyewe iliyoniacha.

Mguu wa Mjomba Paulino ulikatwa juu ya goti, hilo unalijua. Usilolijua ni kilichouponza.

Mama alikuambia ni marehemu Babu. Kwamba ile ndoto yako ya mwezi wa tisa, Babu anatetemeka mlangoni hana cha kujifunika, ilikuwa ujumbe, nawe ukaicheka, ndiyo maana lori likafanya lile. Ulilia kwenye simu watu wote wakisikia. Kisha ukatuma blanketi, lile zito la maua. Dada, ningeweza kusema siku ile ile. Nilikuwa nimekaa karibu kabisa na simu, natafuna karanga.

Lori letu lina filta ya oili, lile kopo dogo lililofungwa ubavuni mwa injini. Oili inapita humo, uchafu unanasa kwenye karatasi iliyokunjwa ndani. Mdomoni pana mpira wa duara wa kuzuia isivuje. Baba akibadilisha filta, hupitisha kidole pale ilipotoka ya zamani, ahakikishe na mpira wake umetoka. Halafu ile ya zamani anaikata kwa msumeno wa chuma, anaitandaza karatasi juani na kuisoma kama mzee wa tambiko anavyosoma nyongo ya kuku. Ikimeta chembe za chuma, basi injini inajila yenyewe. Nilikuwa namcheka. Namuuliza, Baba, filta imesema leo Mama anapika nini?

Siku moja kabla ya ajali Baba alikuwa na homa, nikafanya mimi. Nilijigamba nitamaliza kabla wali haujaiva, na kweli nikamaliza. Mpira mpya niliupaka oili, filta nikaikaza kwa mkono, kila kitu kama kawaida. Ila kidole sikupitisha. Mpira wa zamani ulikuwa umeng'ang'ania kwenye injini, mimi nikafunga mpya juu yake. Baba akauliza kutoka kitandani kama nimepapasa. Nikamjibu, "Kwani unaongea na mtoto?"

Mipira miwili haishikani, dada. Niliwasha lori uani, halikudondosha hata tone. Kesho yake alfajiri, Baba homa imepungua kashika usukani, oili nzito kwa baridi, kabichi zimejaa hadi juu, filta ikatema oili yote kwenye ule mlima baada ya daraja. Baba aliona taa nyekundu, lakini pale utasimama wapi, huku ukuta, huku bonde? Injini ikanoki. Na injini ikizimika, breki za lori lile huwa ngumu kama gogo. Mjomba, utingo wa miaka ishirini, akaruka chini na jiwe lake aliweke nyuma ya gurudumu. Lori likamrudia nyuma kabla jiwe halijakaa.

Lilipovutwa hadi nyumbani, nikawahi kuifungua filta kabla ya Baba. Mipira ilikuwa miwili, imelaliana kama watoto kwenye mkeka mmoja. Nikaitia mfukoni. Filta nikaificha nyuma ya banda la nguruwe.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya tambiko, ya kumchinjia Babu yule nguruwe jike wa Mama ili atulie. Mjomba katoka hospitali Alhamisi, alikuwa amelazwa pale pale sebuleni. Baba akapiga magoti mbele ya blanketi lako, akamwomba marehemu baba yake msamaha kwa kumwacha na baridi. Baba, dada, ambaye hajawahi kuniomba hata chumvi. Hapo nikashindwa. Nikaiweka mipira juu ya blanketi na kusema yote.

Hakunipiga. Bora angenipiga. Aliigusa kwa kidole, mmoja, kisha wa pili, akaniambia nilete filta na msumeno. Nikakata watu wote wakiniangalia. Karatasi ilimeta kama magamba ya samaki. Baba akaisoma, akaisoma. Mama akauliza kama nguruwe afunguliwe.

"Achinjwe," Baba akasema. "Mzee tumeshamwita. Hawezi kuondoka na njaa kwa ajili ya huyu."



Kisha nikamgeukia Mjomba. Nilikuwa natafuta maneno ya kumwomba radhi, akanikatiza. "Fundi wa kabla wali haujaiva," akasema, "acha hotuba. Nipeleke chooni."

Kwa hiyo usilie tena kwa sababu ya ndoto. Kama Babu ana baridi, sasa ana blanketi. Mguu si wako, ni wangu mimi.

Wasalimie Shangazi Dolores na Imelda, wale unaokutana nao Jumapili. Hapa Mama, Bibi Sabina na wana wa Mjomba wanakusalimu. Mungu akulinde huko kwenye maghorofa, na wazee walio chini ya udongo wasikujie vibaya ndotoni.

Naishia hapa, Mjomba ananiita. Mimi ndiye ninayembeba sasa, asubuhi na jioni. Amebaki na mguu mmoja, lakini mgongoni kwangu ni mzito kuliko alipokuwa na miwili.

Mdogo wako anayekupenda, hata usipotaka,
Wilmer